Nani anayeisukuma bahari? Fumbo la kilindi linavyogusa mvua na nyavu za Malindi

KILA mwaka upepo wa kaskazi unapoanza kuvuma, maji yenye udongo mwekundu ya Mto Sabaki hugeuka na kuelekea kusini, yakaipaka rangi Ghuba ya Malindi. Upepo wa kusi unaporejea, udongo huo huelekea kaskazini, upande wa Ngomeni, na maji ya mbele ya mji huanza kutakata.

Wavuvi wa Mayungu, Watamu, Takaungu na Kilifi hawahitaji kompyuta ili kulijua jambo hilo. Kusi na kaskazi ndiyo kalenda yao, bamvua na maji mafu ndiyo saa yao. Wanajua kwamba maji ya juu husukumwa na upepo, na kwamba kujaa na kupwa hufuata mwezi.

Swali ambalo halijapata jibu kamili ni lile la maji ya chini. Ni nguvu gani inayoyasukuma maji ya kilindi, kilomita kadhaa chini ya mashua na ngalawa, hata yakaizunguka dunia nzima kwa safari inayokadiriwa kuchukua miaka 1,000 hivi?

Kwa muda mrefu swali hilo lilionekana kuwa la maprofesa peke yao. Tangu mwaka 2023, hata hivyo, limeingia katika vichwa vya habari na hata katika vikao vya usalama wa mataifa. Sababu ni kuwa modeli za kompyuta zinazotumiwa kukadiria hali ya hewa ya miaka ijayo hutegemea jibu lake.

Mkulima wa Ganze na mvuvi wa Ngomeni pengine hawajapata kuziona modeli hizo. Lakini mipango ya mabwawa, barabara, mbegu na uvuvi inayowahusu inazidi kupangwa kwa kuzitegemea. Modeli zikikosea, wa kwanza kulipa ni wao.

Mzozo ulivyoanza

Itakumbukwa kuwa mwezi Julai 2023 watafiti wawili wa Denmark, Peter na Susanne Ditlevsen, walichapisha makala katika jarida la Nature Communications. Walikadiria kuwa mzunguko wa maji wa Bahari ya Atlantiki huenda ukaporomoka wakati wowote kati ya mwaka 2025 na 2095.

Mzunguko huo huyachukua maji ya joto kutoka ukanda wa ikweta na kuyapeleka kaskazini. Yanapofika karibu na Greenland hupoa, huwa mazito na kuzama, kisha hurudi kusini yakipita chini. Barafu inapoyeyuka, maji yasiyo na chumvi huyafanya yale ya baharini kuwa mepesi, na kuzama huko hupungua.

Februari 2024, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walionyesha kwa modeli kubwa ya kompyuta kwamba maji yasiyo na chumvi yakiongezwa kidogo kidogo, mzunguko huo hufika mahali ukaporomoka kwa ghafla. Oktoba mwaka huo huo wanasayansi 44 waliwaandikia barua mawaziri wa nchi za Nordic wakiwataka walichukue jambo hilo kwa uzito. Mwaka 2025, Iceland ililiweka miongoni mwa matishio ya usalama wa taifa.

Hata hivyo, si wote wanaokubaliana na hofu hiyo. Februari 2025, kundi lililoongozwa na Jonathan Baker wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza lilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha modeli 34. Katika zote, mzunguko ulilegea sana chini ya joto kali na maji mengi ya barafu, lakini haukusimama kabisa.

Sababu waliyoitoa ndiyo kiini cha mjadala wenyewe. Walisema kuwa pepo kali zinazoizunguka Antaktika zinaendelea kuyavuta maji ya chini yapande juu, na maji yanayopanda upande mmoja hulazimisha mengine yashuke upande wa pili.

Jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, lilikuwa limechukua msimamo wa kati katika ripoti yake ya mwaka 2021. Lilisema kuna uwezekano mkubwa sana kuwa mzunguko wa Atlantiki utadhoofika katika karne hii, lakini likawa na imani ya kiasi tu kwamba hautaporomoka kwa ghafla kabla ya mwaka 2100.

Kwa maneno mengine, wanaobishana wanatumia sayansi ile ile na kompyuta za aina moja. Wanachotofautiana ni uzito wa kila nguvu. Je, kilindi husukumwa na ubaridi unaozamisha maji, au huvutwa na upepo na mwezi?

Sufuria na makaa ya juu

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba bahari ni kama mtambo unaoendeshwa na joto na chumvi. Maji baridi yenye chumvi nyingi ni mazito, huzama; ya joto ni mepesi, huelea. Mwanasayansi wa Marekani, Wallace Broecker, aliueneza mfano wa mkanda mmoja mkubwa unaozunguka bahari zote, na kuanzia miaka ya 1980 picha hiyo ikaingia katika vitabu vya shule duniani kote.

Lakini tangu mwaka 1908 mtaalamu wa Sweden, Johan Sandström, alikuwa ametilia shaka maelezo ya namna hiyo. Hoja yake inaweza kueleweka na yeyote aliyewahi kupika.

Sufuria ya maji ikiwekwa juu ya jiko, joto hutoka chini. Maji ya chini hupanda, ya juu hushuka, na sufuria nzima hujikoroga yenyewe. Lakini mpishi anapopalia wali, akaweka makaa juu ya kifuniko, joto hutoka juu. Maji ya juu yakipata moto hubaki pale pale juu kwa kuwa ni mepesi, na ya chini hayana sababu ya kusogea.

Bahari hupashwa joto na jua kutoka juu, na hupoa pia kwa juu, karibu na ncha za dunia. Ni sufuria iliyopaliwa. Ikiachwa hivyo, hoja ya Sandström inaonyesha, kilindi kingejaa maji baridi kisha kikatulia, na mzunguko ungebaki hafifu sana.

Mwaka 1961 Mmarekani Henry Stommel aliongeza fumbo lingine kwa modeli ndogo iliyoweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Aliichukulia bahari kama mitungi miwili ya maji iliyounganishwa kwa mabomba, mmoja wa maji ya joto yenye chumvi na mwingine wa maji baridi yenye chumvi kidogo. Hesabu zake zilionyesha kuwa mtiririko kati yake unaweza kuwa na hali mbili tofauti, na kwamba badiliko dogo la chumvi laweza kuutoa katika hali moja na kuutupa katika nyingine.

Hofu ya leo ya kuporomoka kwa mzunguko wa Atlantiki ni mjukuu wa mitungi hiyo ya Stommel. Udhaifu wake nao ni ule ule: mitungi haina upepo wala mwezi.

Mwezi, upepo na megawati

Aliyeuleta mwezi katika hesabu ni Walter Munk, bingwa wa sayansi ya bahari aliyefariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 101. Mwaka 1966 alikokotoa ni kiasi gani cha kukorogwa kinachohitajika ili joto la juu lishuke chini na maji ya kilindi yapate wepesi wa kupanda.

Mwaka 1998, akishirikiana na Carl Wunsch, alikadiria kuwa kazi hiyo inahitaji nguvu ya takriban wati trilioni 2. Kwa Mkenya, kiasi hicho ni zaidi ya mara 800 ya umeme ambao nchi yake iliutumia katika saa za matumizi makubwa mwaka 2025, uliokuwa takriban megawati 2,300. Nusu ya nguvu hiyo, walisema, hutoka kwa upepo, na nusu nyingine hutoka kwa kujaa na kupwa kwa maji.

Hapo ndipo bamvua inapoingia. Pwani ya Kilifi na Malindi, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita tatu. Kinachoonekana ufuoni, mwamba ukibaki mkavu na akina mama wakienda kutafuta pweza, ni sehemu ndogo tu ya kazi ya mwezi. Nguvu nyingine huishia kwenye kina kirefu, maji yanaposukumwa juu ya milima iliyofichika chini ya bahari na kuzua mawimbi ya ndani kwa ndani ambayo hayaonekani juu.

Mwaka 2000, Gary Egbert na Richard Ray walitumia vipimo vya satelaiti ya TOPEX/Poseidon kuonyesha kuwa takriban wati trilioni moja ya nguvu ya mwezi hupotelea katika bahari kuu namna hiyo. Mojawapo ya mahali ambapo mawimbi hayo ya ndani ni makubwa ni nyanda za juu za Mascarene, kati ya Shelisheli na Mauritius, katika bahari hii hii ya Malindi.

Upande wa upepo, Robert Toggweiler na Bonita Samuels wa Marekani walionyesha kwa modeli zao za miaka ya 1990 kuwa pepo za kusini mwa dunia, mahali ambapo hakuna bara la kuzizuia, huyavuta maji ya kilindi moja kwa moja hadi juu. Hoja iliyotumiwa na kundi la Baker mwaka 2025 ina mizizi yake hapo.

Bahari iliyozibwa upande mmoja

Kwa nini mjadala ulioanzia Atlantiki uihusu Bahari ya Hindi? Jibu limo katika ramani. Bahari ya Hindi imezibwa na Asia upande wa kaskazini. Haina maji ya ncha ya kaskazini ya kupoa na kuzama hadi chini kabisa. Maji ya kilindi chake hutoka upande wa kusini, mengi yakiwa yamepoa karibu na Antaktika, na yakishaingia hayana njia nyingine ila kupanda.

Maji hayo hutambaa kaskazini kwa kufuata mabonde ya chini ya bahari. Baadhi hupenya katika mlango mwembamba wa Amirante, magharibi ya Shelisheli, na kuingia katika bonde la Somalia, ambalo kina chake huzidi mita 5,000. Bonde hilo liko mbele ya pwani ya Kenya. Mwogeleaji wa Watamu hukuta maji ya nyuzi 27 au 28. Huko chini joto haliizidi nyuzi 2 hivi.

Maji hayo ni ya kale. Mara ya mwisho kuguswa na upepo ni karne nyingi zilizopita, kabla mji wa Gede, ambao magofu yake bado yamo msituni karibu na Watamu, haujafikia enzi yake ya fahari.

Ni kiasi gani kinachoingia na kupanda? Hapa ndipo wataalamu wanapotofautiana mno. Mwaka 1993 John Toole na Bruce Warren, kwa kutumia vipimo vya meli iliyovuka bahari hiyo mwishoni mwa mwaka 1987, walikadiria mita za ujazo milioni 27 kwa sekunde, zaidi ya mara 100 ya maji ya Mto Amazon. Miaka minne baadaye makadirio yaliyotokana na hesabu mpya ya vipimo hivyo yalishuka hadi milioni 12 hivi. Modeli kadhaa za kompyuta zilitoa kiasi kidogo zaidi ya hapo.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Maji yakipanda kwa wingi, joto jingi la juu linapelekwa chini na kufichwa huko kwa karne kadhaa. Yakipanda kidogo, joto hubaki juu, mahali linapoathiri mvua, matumbawe na samaki. Kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada la dunia huishia baharini, kosa katika hesabu hiyo ni kosa katika kila makadirio yanayofuata.

Mikondo inapokutana

Ni vyema kusema wazi kuwa mvuvi wa Kilifi hapati samaki wake kutoka kina cha mita 5,000. Kinachomlisha ni maji ya mita mia chache za juu, ambayo hutawaliwa na upepo. Lakini katika modeli za tabianchi, maji ya juu na ya chini hukokotolewa pamoja, na pwani ya Malindi ni mahali ambapo kosa la upande mmoja huonekana haraka upande wa pili.

Wakati wa kusi, mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hutoka Tanzania, hupita Mombasa, Kilifi na Malindi kwa kasi inayoweza kuzidi mita moja kwa sekunde, ukaendelea moja kwa moja hadi Somalia. Wakati wa kaskazi, mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini. Mikondo hiyo miwili hukutana mahali fulani kati ya Malindi na Lamu, kisha yote hugeukia mashariki kuelekea bahari kuu.

Nguvu ya pepo hizo si jambo geni katika historia ya mji. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyempata hapo, na kwa upepo wa kusi akafika India baada ya siku 26. Aliporudi bila kungoja majira yake, safari ya bahari ile ile ilimchukua takriban miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa njiani kabla ya kuiona Malindi tena Januari 1499.

Mahali mikondo inapokutana huhama mwaka hadi mwaka. Juu ya kingo za kaskazini mwa Kenya, mbele ya Ghuba ya Ungwana, maji yenye mbolea hupanda kutoka chini na kulisha vijimea vidogo ambavyo ni msingi wa chakula cha samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambao ulizishirikisha taasisi za Uingereza na Kenya, ulionyesha kuwa rutuba ya kingo hizo wakati wa kaskazi inahusiana na mwenendo wa mikondo hiyo mikubwa.

Utafiti huo ulitumia modeli iliyoigawa bahari katika visanduku vya upana wa kilomita 9 hivi. Modeli nyingi za tabianchi za dunia nzima hutumia visanduku vikubwa zaidi, vingine vya kilomita 100. Kutoka Kilifi hadi Malindi ni takriban kilomita 60. Katika modeli kama hiyo, pwani yote hiyo, pamoja na miamba yake, hori zake na mdomo wa Sabaki, humezwa ndani ya kisanduku kimoja.

Kilindi chenyewe hakiko mbali na ufuo. Nje ya Kilifi bahari huporomoka ghafla kilomita chache tu kutoka mwamba. Aprili 2001, wavu wa meli ya uvuvi nje ya Malindi ulimnasa silakanti, samaki wa kale wa maji ya kina ambaye hadi mwaka 1938 wanasayansi walidhani alitoweka zama za majitu ya kale. Alikuwa wa kwanza kurekodiwa Kenya. Tukio hilo lilikuwa ukumbusho kuwa jirani wa karibu kabisa wa Malindi ndiye asiyejulikana.

Mvua zisizotii modeli

Kwa wakazi wa bara ya Kaunti ya Kilifi, bahari maana yake ni mvua. Mwaka 1999, wanasayansi wa Japani na India waliueleza mfumo ambao upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi hupata joto huku upande wa mashariki ukipoa. Hali hiyo inapokuwa na nguvu, vuli ya Afrika Mashariki hufurika. Inapogeuka, ukame hutanda.

Wakazi wa Ganze na Magarini wameziona pande zote mbili kwa muda mfupi. Kuanzia vuli ya mwaka 2020 hadi vuli ya mwaka 2022, Pembe ya Afrika ilikosa mvua za kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa na familia nyingi zikategemea misaada. Kisha vuli ya mwaka 2023 ikaja na mafuriko yaliyozikumba kaunti za pwani na bonde la Mto Tana.

Idara ya hali ya hewa ya Kenya na kituo cha kanda cha IGAD, ICPAC, hutoa utabiri wa msimu ambao umeendelea kuimarika, hasa kwa vuli. Tatizo kubwa liko katika makadirio ya muda mrefu. Kuanzia miaka ya 1980 mvua za masika zimekuwa zikipungua kwa ujumla, ilhali modeli nyingi zinasema zitaongezeka kadiri dunia inavyopata joto. Wataalamu wameupa mgongano huo jina la kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki.

Baadhi ya watafiti huhusisha kitendawili hicho na namna modeli zinavyokosea joto la Bahari ya Hindi. Kwa mpangaji wa serikali ya kaunti, hilo si suala la nadharia. Ajenge mabwawa ya kuhimili ukame au madaraja ya kuhimili mafuriko? Modeli inamwambia moja, kumbukumbu ya miaka 40 inamwambia jingine.

Historia ya kale zaidi nayo inatoa onyo. Takriban miaka 17,000 iliyopita, Ziwa Victoria lilikauka. Ukame huo uliikumba sehemu kubwa ya Afrika na Asia ya Kusini katika kipindi ambacho milima ya barafu kutoka Amerika Kaskazini ilikuwa ikimwagika Atlantiki na mzunguko wake ukiwa dhaifu. Uhusiano kamili kati ya mambo hayo bado unachunguzwa, lakini hakuna anayeweza kusema kuwa yanayotokea Greenland hayaihusu Afrika Mashariki.

Shimo katika ramani

Modeli yoyote haiwezi kuwa bora kuliko vipimo inavyolishwa. Na hapa pwani ya Afrika Mashariki ina hasara ambayo wengi wameisahau.

Mwaka 2004 mataifa kadhaa yalianza kutandaza maboya ya kupimia katika Bahari ya Hindi kwa ajili ya kuelewa pepo za msimu, mpango unaojulikana kama RAMA. Maboya 46 yalipangwa. Lakini uharamia wa Somalia ulipopamba moto kuanzia mwaka 2008, upande wa magharibi ukawa hauendeki. Meli za utafiti zilikaa mbali na meli za mizigo zilizokuwa zikipima upepo zikabadili njia.

Ripoti ya kitaalamu ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa shimo la ukosefu wa takwimu lilikuwa limetokea katika eneo la mamilioni ya kilomita za mraba. Mwaka huo huo wanasayansi walilazimika kuomba majeshi ya wanamaji ya Marekani na Australia yawasaidie kudondosha vifaa vya Argo, vipimaji vinavyoelea, kuzama na kuibuka vyenyewe.

Vipimaji hivyo, vipatavyo 4,000 duniani, ndivyo macho makuu ya sayansi ya bahari. Lakini vingi vyao hushuka hadi mita 2,000 tu. Karibu nusu ya maji ya bahari zote yako chini ya hapo. Vile vinavyoweza kufika mita 6,000 bado ni vichache.

Kana kwamba hayo hayatoshi, mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza kuipunguza sana bajeti ya utafiti ya shirika lake la bahari na anga, NOAA, ambalo ni nguzo ya mipango ya RAMA na Argo. Mapendekezo hayo yamewakumbusha wengi kuwa nchi zinazotegemea macho ya wengine zaweza kuamka siku moja zikiwa gizani.

Je, Kenya ifanye nini?

Wapo wanaouliza, na si bila sababu, kama kaunti ambayo vijiji vyake vingine bado vinatafuta maji ya kunywa ina haja ya kufikiria maji ya kilindi. Zahanati, visima na madarasa ni mahitaji ya leo. Miaka 1,000 ya mzunguko wa bahari inaweza kungoja.

Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau gharama ya kutojua. Misimu mitano ya ukame na msimu mmoja wa mafuriko imegharimu mno, na bwawa lililojengwa kwa makadirio yenye makosa ni fedha iliyozikwa. Kupima bahari ni nafuu kuliko kukosea mara mbili.

Tena Kenya haianzi mikono mitupu. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ipo tangu mwaka 1979. Inayo meli ya utafiti, Mtafiti, ambayo kabla ya kuletwa Kenya ilikuwa ya Ubelgiji ikiitwa Zeeleeuw. Vituo vya kupimia kujaa na kupwa kwa maji vimewahi kuwekwa Kilindini na Lamu.

Aidha, pwani hii si ngeni kwa sayansi kubwa. Kutoka majukwaa yaliyo baharini mbele ya Ngomeni, satelaiti zilirushwa kati ya mwaka 1967 na 1988, ikiwemo ile ya Uhuru ya tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kutumwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kutoka Ngomeni nyota za mbali zilichunguzwa, ilhali bonde lililo mbele ya ufuo huo limebaki bila kupimwa vya kutosha.

Mwaka 2018 Nairobi iliandaa mkutano mkubwa wa kimataifa wa uchumi wa buluu, na mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ikatoa uamuzi juu ya mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia. Katika yote hayo mazungumzo yalitawaliwa na samaki, bandari, mafuta na mistari ya mipaka. Maji yenyewe, yanakotoka na yanakokwenda, yalitajwa kwa nadra.

Safari chache za kila mwaka za kupima joto na chumvi kutoka juu hadi chini, katika mstari ule ule mbele ya Malindi, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, zingewapa wataalamu wa modeli kitu ambacho hawana. Thamani yake ingekuwa katika kurudiwa mwaka baada ya mwaka, si katika ukubwa wa meli.

Wavuvi nao wana nafasi yao. Kaskazini-mashariki mwa Marekani, wavuvi wa kamba koche wamekuwa wakifunga vipimajoto kwenye mitego yao tangu mwaka 2001, na takwimu zao hutumiwa kusahihisha modeli. Vikundi vya usimamizi wa fuo vya Malindi na Kilifi vina mashua, vina nidhamu ya majira na vina kumbukumbu ya vizazi. Kinachokosekana ni kifaa na mtu wa kuzipokea takwimu zao.

Mabishano ya Copenhagen, Utrecht na Uingereza kuhusu nani anayeisukuma bahari hayatakwisha kesho. Huenda ikaja kuonekana kuwa ubaridi, upepo na mwezi ni washirika watatu wa kazi moja, na kilichobaki ni kujua fungu la kila mmoja. Lakini mafungu hayo hayatapimwa Atlantiki peke yake, kwa kuwa maji yanayozama huko ni lazima yapande mahali pengine, na baadhi ya hayo mahali pengine yako mbele ya Malindi.

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Modeli za dunia zimezunguka kote, na sasa zinahitaji vipimo vya bahari hii. Kenya ikivikusanya, itakuwa na sauti katika utabiri unaowahusu watu wake. Isipovikusanya, mkulima wa Ganze na mvuvi wa Mayungu wataendelea kupangiwa maisha kwa takwimu za bahari ambayo si yao.